Ngoja Mara Tatu

Jumatatu, 6 Mei

Nimefuta sahani saba leo. Maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni, kitambaa cha shati kuukuu. Kufuata mifereji ya sauti kwa mzunguko wake, kamwe si kuikata. Kisha kuzianika kivulini zikiwa zimesimama, kama vyombo vya jikoni. Sahani zangu za santuri ni thelathini na moja. Nafuta thelathini. Ya mwisho imefungwa katika kitenge cha mke wangu, chini kabisa ya sanduku. Haifutwi wala haipigwi. Haijapigwa tangu tulipotoka Manono.

Saa tisa alasiri, kitambaa kikiwa bado mkononi, nikaisikia ikipigwa.

Upande wa reli. Mbali, upepo wa ziwa ukiileta na kuichukua. Wimbo peke yake usingenishtua, maana kila wimbo ulichapwa kwa nakala nyingi. Nilisikia mkwaruzo. Ngoja ni, ngoja ni, ngoja ni. Kisha kofi moja. Kisha viatu vya Jumapili.

Nikafungua sanduku. Kitenge kipo. Fundo ni langu, halijaguswa.

Ni uzee. Nimekula kidogo, nimelala mapema.

Jumanne, 7 Mei

Kimya. Nilikaa uani tangu saa nane hadi saa kumi na moja. Pikipiki, mbuzi wa jirani, honi ya boti bandarini. Hakuna wimbo. Nikapumua, kisha nikaona aibu kwamba nimepumua.

Alhamisi, 9 Mei

Umerudi. Saa tisa na robo. Upande uleule wa reli, na mkwaruzo uleule.

Mama Feza, mjane tunayegawana naye ua, alikuwa akichagua maharage. Nikamuuliza kama anasikia.

"Nasikia nini, Papa Ilunga?"

"Ule wimbo."

Akainua kichwa, akasikiliza kwa adabu. "Hakuna kitu, Papa. Njo upepo tu."

Nilikuwa nausikia wakati anasema hivyo.

Niandike mambo kwa mpangilio, pengine kichwa kitafuata. Sahani ile ni ndogo, yenye tundu kubwa katikati. Niliinunua mpya, nilipokuwa karani kwenye machimbo ya bati Manono. Mwanamke anamwambia mumewe: ngoja nivae kwanza viatu vya Jumapili, ngoma haijaanza. Si kitu kikubwa, lakini watu walicheza. Binti yetu Ngoie, akiwa na miaka mitatu, alipanda kigoda akausukuma mkono wa santuri kwa kidole. Sindano ikakata mifereji kwa mshazari. Nilimchapa. Tangu siku hiyo, ikifika "ngoja ni", sindano inarudi nyuma, na ukiiacha itarudi mpaka betri ife. Mke wangu ndiye aliyeitibu. Aliiacha irudi mara tatu, kisha alipiga kabati lililobeba santuri kwa kiganja, pa, nayo ikaruka hadi kwenye viatu. Mara tatu haikuwa na siri yoyote. Ya kwanza alikuwa akitoa mikono kwenye maji, ya pili akivuka chumba, ya tatu amefika.

Hakuna sahani nyingine duniani yenye mkwaruzo huo mahali hapo. Hakuna nyumba nyingine iliyousikia wimbo huo namna hiyo. Nyumba yetu ilikuwa na watu watatu. Mmoja ndiye anayeandika. Wawili sikuwaona tena tangu siku tuliyokimbia, na sijui kama wamo juu ya ardhi au chini yake.

Kwa hiyo naogopa. Nimeliandika, basi.

Jumamosi, 11 Mei

Solange amekuja. Ni fundi wa mitambo katika redio moja hapa mjini, msichana mwenye vipokea sauti shingoni hata akiwa barabarani. Anataka kunakili sahani zangu zote kabla hazijafa, au kabla sijafa mimi. La pili hakulisema, kamlea vizuri mama yake.

Aliniuliza historia. Nikamweleza ninayoyakumbuka. Kwanza zilikuwepo zile nzito, zinazovunjika kama kigae, na santuri ya kuzungusha kwa mpini. Sindano ya chuma ilibadilishwa kila upande. Sindano zikiisha, mjomba wangu alichonga mwiba wa mlimao, na mwimbaji akasikika kama anaimba chini ya blanketi. Sahani zilifika hapa kwa treni, na nyingine kwa boti kutoka Kigoma, zimepangwa kwenye majani makavu kama mayai. Kisha zikaja nyepesi, zinazopinda. Kisha kaseti, na watu wakawapa watoto sahani wachezee. Nimeona kwa macho yangu chungu cha maji kimefunikwa na rumba.

"Na sasa vijana wanazirudia," akasema Solange. "Juu ya nini, Papa? Mimi nina nyimbo elfu kwenye kitu kidogo kama punje ya muhindi."

Nikamwambia wimbo wa sahani una mahali pake. Unaonekana kwa jicho, umeanzia hapa, umeishia pale. Na ukishika sahani unatumia mikono miwili. Ile punje yake haishiki kabisa, mara nyingi hajui hata iko mfuko gani.

Nikamwonyesha jambo moja. Sahani ndefu, sindano kwenye ukingo mtupu, kabla wimbo haujaanza. "Weka sikio." Pale penye ukimya, mbali sana, mwimbaji anaimba neno lake la kwanza. Halafu ndipo wimbo unaanza na analiimba sasa kwa nguvu. Mifereji imekaribiana mno, mmoja umemsukuma jirani yake. Sauti inafika kabla ya sauti.

Solange akajivuta nyuma. "Papa, hii inatisha."

Zamani haikunitisha. Wiki hii inanitisha.

Aliona kitenge sandukuni. Nikamwambia ipo sahani moja iliyoumia. Akasema kompyuta yao inaondoa mikwaruzo yote. "Inatoka safi, Papa, kama haijawahi kuguswa." Sikukataa. Nilikaribia kukubali. Mtu akitaka wimbo ukome kumfuata, afanye nini?

Jumapili, 12 Mei

Nimefungua fundo.

Sahani ni nzima. Nimepitisha ukucha juu yake. Mkwaruzo upo, sentimita mbili, umepinda kidogo mwishoni, mahali ambapo kidole cha mtoto kilishikwa na mimi nikakivuta. Hakuna aliyeitumia. Vumbi halijakatwa na sindano.

Sijawahi kuandika ifuatayo. Siku ya kukimbia, sote watatu tulikuwa tumefika ukingoni mwa Luvua. Mtumbwi wa kwenda Ankoro ulikuwa unajaa. Mke wangu alikuwa amembeba Ngoie mgongoni ingawa alikwisha kuwa na miaka sita, na miguu yake ilining'inia. Nikakumbuka sahani. Nikamwambia mke wangu, "Ngojeni." Nikarudi nyumbani. Si kwa pesa, si kwa karatasi, si kwa chakula. Nilirudi kwa ajili ya sahani kumi na moja za muziki wa kucheza; hizi nyingine ishirini nimezipata baadaye. Niliporudi mtoni, mtumbwi ulikuwa umeondoka, na risasi zilikuwa zinasikika karibu. Nikashika njia ya miguu, nikiwa na mfuko begani.

Niliwatafuta Ankoro vita vilipotulia. Niliwatafuta kwa padri, kambini, kwa watu wa mashua. Miaka kadhaa baadaye alikuja mwanamke hapa Kalemie akasema yeye ni Ngoie. Alijua jina langu, la mama yake, hata rangi ya mlango wetu. Alikuwa ameyaokota kwa majirani. Nilimlisha siku tisa kabla sijajua. Tangu hapo nimeacha kutafuta.

Nimeifunga tena. Mikono inanuka chumba chetu cha Manono. Najua haiwezekani.

Jumatatu, 13 Mei

Leo ulitoka pande mbili.

Mmoja kwenye reli, mwingine nyuma ya soko, ambako maji ya ziwa bado yamekaa barabarani. Hazikwenda pamoja. Upande huu ulikuwa kwenye "ngoja ni" ya pili wakati upande ule ukipiga kofi. Nikafunga dirisha. Nikaweka vidole masikioni. Uliendelea, lakini sasa sijui kama ulikuwa nje.

Jumanne, 14 Mei

Saa tisa. Pande tatu. Sikutoka ndani.

Jumatano, 15 Mei

Mimi mjinga mzee.

Sahani husema kabla ya kuimba. Kuna ule mkwaro mdogo, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Siku zote hizi sikuusikia hata mara moja. Halafu, sahani haibadilishi koo. Ya Jumatatu ilikuwa juu, ya leo iko chini. Na leo, katikati ya "ngoja ni" ya tatu, mwimbaji alicheka.

Hiyo si santuri. Ni kinywa. Ni vinywa. Kuna mtu aliyejifunza wimbo pamoja na kidonda chake, akadhani kidonda ni sehemu ya wimbo.

Na saa tisa ni saa ambayo wanafunzi wamekwisha kula, wamevua sare, wako nje. Marehemu hawana haja ya kungoja shule ifungwe.

Sijui kwa nini hofu haijapungua. Imehama mahali tu. Mwanzo niliogopa kwamba wapo. Sasa naogopa kwamba sitawapata.

Alhamisi, 16 Mei

Nimetoka saa nane na nusu, fimbo mkononi, kofia kichwani. Mama Feza akaniuliza nakwenda wapi na jua hili. Nikamwambia nakwenda kutafuta wimbo. Alinitazama kama mtu anayepanga kumwita daktari.

Nyuma ya yale mabehewa yaliyosimama tangu zamani, wasichana wanane, tisa. Wamesimama wawili wawili, wanatazamana. Ni mchezo wa mikono. Kila "ngoja ni" wanarudi hatua moja nyuma, mara tatu, mpaka wawili wameachana kabisa. Kisha wanarukiana mbele na viganja vinakutana, pa. Anayekosa kiganja cha mwenzake anatoka.

Nilisimama pale nikatazama miguu yao ikirudi nyuma. Mkwaruzo wa sahani yangu umepata miguu. Nywele za mikono zilinisimama mchana kweupe.

Nikauliza nani kawafundisha. Kila mmoja akamtaja mwenzake. Mimi kanifundisha Esta. Mimi pia Esta. Esta akasema, "Mie Riziki."

Riziki ni mfupi, hana jino moja la juu. Amekuja na boti kutoka Moba baada ya Pasaka, anasoma hapa, anakaa kwa shangazi yake. Mchezo umeenea mji mzima kwa muda usiotosha hata kuotesha mchicha.

"Na wewe, nani alikufundisha?"

"Mama."

"Kuna maneno kati ya 'ngoja ni' na 'viatu'. Unayajua?"

Alinitazama kwa huruma. "Hakuna maneno, Papa. Pale njo kuna pa. Mama anasema wenye kuimba bila pa hawaujui."

Nilijikataza kumtazama paji la uso. Nikatazama. Nilitaka kumwona mke wangu pale. Nikaona paji la uso la mtoto, lenye vumbi.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Mama Feza. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Ah, ile? Ile nasikiaka kila siku. Uliniuliza wimbo, Papa Ilunga. Ile si wimbo, njo makelele ya batoto."

Ijumaa, 17 Mei

Nimekwenda kwa shangazi. Mama Clotilde, muuza ndagala, karibu na njia ya bandari. Alikuwa akigeuza samaki juani na hakuacha kugeuza.

"Muzee muzima unafuata mutoto wa kike juu ya wimbo," akasema. "Sema vizuri, Papa, nisimwite shefu wa avenyu."

Ana haki. Ningekuwa yeye ningemwita mkuu huyo wa mtaa kwanza. Nikakaa juu ya gunia bila kukaribishwa, nikamweleza yote. Mtumbwi. Sahani. Ngojeni. Nilificha jambo moja tu: kabati. Sikutaja kabati wala nani alipiga nini. Nilimwambia sahani ina mkwaruzo, basi. Sijasahau yule mwanamke wa siku tisa.

Aliacha kugeuza samaki.

Mama yake Riziki ni mke wa kaka yake Clotilde. Jina la ubatizo Veronika; la zamani Clotilde hajawahi kulisikia. Aliletwa Moba akiwa mdogo, na mwanamke wa huko aliyemwokota Ankoro wakati akirudi kwao. Kwao halisi hapajulikani. Alipoulizwa baba yake anaitwa nani, alisema Papa. Alipoulizwa kwao ni wapi, alisema nyumbani.

"Sasa unataka nini kwake?" akauliza Clotilde. "Ni muntu mwenye watoto wanne. Asilizwe bure."

Nikamwambia sitaki kumwuliza swali lolote. Nataka asikilize kitu kwenye simu. Asiambiwe ni nini, wala ni nani.

Aligeuza safu nzima ya samaki kwanza. "Jumapili, baada ya misa. Na mimi nitakuwa pale. Ukimuumiza, Papa, utanijua."

Jumapili, 19 Mei

Pentekoste. Kanisa lilijaa. Sikumbuki mahubiri.

Clotilde alifika saa sita na simu yake, na kanga yake ya kanisani. Mama Feza alijiweka mlangoni bila kuitwa. Nilikuwa nimeiweka santuri juu ya meza na kuiunganisha na betri. Niliweka sindano mpya, ya mwisho niliyokuwa nayo. Nilifungua fundo mbele yao. Kila mzunguko wa sindano unakula kidogo cha sahani. Najua, na nilikuwa nimejizuia miaka yote hii kwa sababu hiyo, ama hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Clotilde alipiga simu. "Veronika, usiseme kitu. Sikiliza tu." Akawasha kipaza sauti, akaweka simu mezani, karibu na santuri.

Nikashusha mkono.

Kwanza ule mkwaro. Kisha gitaa. Kisha mwanamke yule, mchangamfu kama siku niliyomnunua. Simu ilikuwa kimya kabisa, na nilifikiri mtandao umekufa.

Ngoja ni. Ngoja ni. Ngoja ni.

Sikupiga meza. Sijawahi kuipiga. Haikuwa kazi yangu hata mara moja.

Ngoja ni. Ngoja ni. Mara ya nne, ya tano, ya sita. Clotilde akafyonza. "Imekwama." Nikamwonyesha kwa kidole anyamaze. Ya nane. Ya tisa. Nilijua ninachongoja. Anayeujua wimbo kwa kuimbiwa angesema alo, alo, mtandao mbaya. Ya kumi na moja. Sauti ile inarudi nyuma, inarudi nyuma, na chumba kizima kinarudi nayo. Nilianza kusikia maji. Nilianza kusikia mikono ikitoka kwenye maji.

Sauti ikatoka kwenye simu. Si ya mwanamke mwenye watoto wanne. Ilikuwa ndogo, na ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayekumbusha jambo la nyumbani.

"Mama. Piga kabati."

Ngoja ni. Ngoja ni.

"Mama, piga kabati."

Nikainua mkono, nao ukakataa kushuka. Hapo, kutoka kwenye simu, pa. Kofi moja, la kiganja kwenye mbao.

Na sindano ikaruka. Viatu vya Jumapili, Papa, ngoma haijaanza.

Sindano iliruka. Tuliokuwepo ni watu watatu, na wote tuliona.

Jumatatu, 20 Mei

Nimejaribu. Mama Feza kasimama na simu yake nje ya ua, akapiga ubao kwa kiganja, na simu yangu mezani kando ya santuri. Mara nne. Sindano haikuruka hata mara moja, ilibidi niinyanyue. Labda jana nilitetemesha meza kwa goti. Labda Clotilde aliigusa. Anasema hakugusa.

Tulizungumza leo, mimi na Ngoie. Mtandao ulikatika mara mbili.

Mama yake alizikwa Ankoro, mwaka uleule. Homa. Siku chache tu baada ya mtumbwi kufika. Nimelala miaka yote hii nikimtafutia mahali, na mahali palikuwepo. Wakati nilipokwenda Ankoro kuuliza, lazima nilipita karibu.

Ngoie hakumbuki uso wangu. Anakumbuka kabati, miguu ya kabati, kwa sababu ilikuwa kimo cha macho yake. Anakumbuka kiganja cha mama yake kikishuka, na povu la sabuni. Nyumbani kwake Moba anapiga kabati la vyombo kila anapoufikia mstari huo. Mume wake amezoea.

Aliniuliza swali moja tu.

"Mama alisema ulirudi kuchukua disiki. Ulizipata?"

"Nilizipata," nikasema.

Nilisikia kuku upande wake.

Kisha akasema, "Sawa, Papa." Sijui ni sawa ya namna gani. Nimeipokea.

Jumatano, 22 Mei

Kitenge nimekifua. Rangi imetoka kidogo kwenye maji. Nilikaa na beseni mapajani mpaka maji yakapoa. Mama Feza aliniletea ugali, akauweka, akaondoka bila utani. Nilitambua kwamba naomboleza, na kwamba nimechelewa sana.

Jumamosi, 25 Mei

Solange amekuja na mashine yake ya kunakili na nyaya. Amesikia habari, mji ni mdogo. Nikamwambia anakili zote. Hii nayo. Lakini kompyuta isiiguse. Mkwaruzo ubaki ulivyo.

Hakubishana. Akaunganisha, akavaa vipokea sauti, akanipa ishara. Nikashusha sindano. Ikafika kwenye ngoja ni, ikarudi, ikarudi. Solange akaniangalia juu ya miwani.

"Papa, nani anapiga?"

Nikanyanyua mkono wa santuri, nikaurudisha kwenye kishikio chake.

Boti la Moba linatarajiwa Jumatano, na Ngoie ndani yake, upepo ukikubali. Nikamwambia Solange arudi siku hiyo na mashine yake. Ngoie ana kofi lake, na mimi nina meza tu, lakini fundi wa Avenyu ya Bandari ameniahidi kabati dogo, la mbao, kufikia Jumanne. Solange akakunja nyaya zake. Hakuwa na haraka.

Saa tisa wasichana walicheza nyuma ya mabehewa. Niliacha dirisha wazi.

Nimefuta sahani thelathini na moja leo. Zimesimama kivulini, zinakauka.